Mlango Ambao Mume Wangu Hakuuvuka

Vyumba vinne tulivyojenga pembeni mwa mji wa Kisii, miaka ya mwanzo ya Uhuru, vilitokana na pesa za maua ya pareto. Pareto hiyo niliichuma mimi, kwetu Sironga, mgongo ukiniuma, lakini mume wangu alipenda kusema "nilijenga". Nilimwacha aseme. Milango kweli aliitengeneza mwenyewe, maana alikuwa seremala, na hakuna hata mmoja uliokwama wakati wa mvua.

Kwa kuwa tulikaa mbali, funguo tulimwachia dalali, mtu wa upande wa ziwani, mchangamfu, mdomo haupumziki. Chumba cha tatu alimpa karani kijana na mkewe mjamzito. Alimuuliza kazi, akamuuliza watakuwa watu wangapi, akaridhika. Ukoo hakuuliza. Kwa nini auulize, naye si Mgusii?

Mume wangu alipokwenda kuwajulia hali wapangaji, karani alimkaribisha. Wakaanza kuulizana, baba yako nani, babu yako nani, mpaka ikajulikana kwamba ni ukoo mmoja na kwamba kijana yule, kwa hesabu ya ukoo, ni mwanawe. Na kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Aliurudisha upesi, akaaga akiwa nje.

Alifika nyumbani amenuna. "Nyumba nisiyoweza kuingia ni yangu ya nini? Wahame."

"Yule msichana yuko karibu kujifungua. Ahamie wapi?"

"Dalali atawatafutia."

Nilikasirika, sikufichi. Mimi nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika nyumba ya kuazima, na sikutaka mwingine ayaone niliyoyaona.

Kabla mwezi haujaisha, karani akatuma habari kwamba paa linavuja, hata wamesogeza kitanda. Mume wangu akaona amepata sababu ya kuwaondoa. "Siwezi kuziba nisichokiona," akasema.

"Basi nitaona mimi. Aliyekatazwa kuingia ni baba."

Siku hizo mke hakupanda basi kwenda kukagua ploti. Lakini nilikuwa nimeshafunga kitambaa kichwani.

Tulipofika, yeye alipanda juu ya paa na misumari na kopo la lami. Mimi niliingia, nikapanda kigoda, nikashika mwiko wa ugali wa yule msichana. Kila nilipoona mwanga ukipenya kwenye mabati, niligonga.

"Hapa!"

"Wapi?"

"Hapa ninapogonga! Baba watoto, kwani husikii?"

Akapigilia kando. Nikagonga tena kwa hasira. Wapangaji wote wakatoka nje kutazama, na dalali alicheka mpaka akakaa chini. Yule msichana naye alicheka huku ameshika tumbo, na mimi nikaogopa atajifungulia hapo hapo, miguuni pangu.

"Bado kuna mwanga?" mume wangu akauliza kutoka juu.

"Hakuna."

Aliposhuka, uso wake ulijaa lami na alikuwa anacheka pia. Akasimama mbali na mlango, akaniambia, "Mwambie mke wa mwanangu arudishe kitanda mahali pake." Nikajua hawahami. Nilifurahi mpaka nikasahau kurudisha mwiko. Nilifika nao Sironga.

Baadaye dalali alipata kazi nyingine, funguo zikaja kwangu. Kila mwezi nilikwenda Kisii, nikakagua vyumba, nikapatanisha waliogombania kamba ya nguo, nikanywa chai chumba cha tatu. Nilizipenda safari hizo kuliko nilivyokubali kusema.

Karani na mkewe walikaa miaka mingi, wakapata watoto watatu, ndipo wakahamia nyumba yao wenyewe huko Suneka. Siku iliyofuata nilikwenda na mume wangu kukiangalia chumba. Kilikuwa kitupu, na hapakuwa tena na kitu cha kumzuia. Nilifungua, nikasogea kando apite.

Alipapasa fremu ya mlango aliyoichonga mwenyewe, akatazama ndani, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Tangulia wewe, mwenye nyumba," akasema.

Nikatangulia.