Punda wa Mama na Boti ya Kuvuta Watu

Kwetu Olmotonyi punda ni wa wanawake. Ng'ombe ni wa baba, mbuzi wanagombaniwa, lakini punda akitakiwa kufungwa mzigo, mwanamume anaangalia pembeni kama ameitwa kufua nepi. Mama alikuwa na punda wawili, na mimi ndiye niliyewafunga kabla ya kwenda shule. Ninalisema hili mapema kwa sababu bila punda wale habari ya boti haielezeki.

Ukubwani nilikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya Tengeru aliyoiacha baba yangu. Alipofariki, baba mdogo akaishika. Mageti na madirisha nilichomelea mimi, wateja wakamshukuru yeye. Nilinyamaza, na kunyamaza si kuzoea.

Siku moja mwenye duka la vipuri mjini, Mhindi ambaye hata babu yake alizaliwa Arusha hapahapa, akaleta boti ya faiba juu ya trela. Watu wakaacha ndizi zao sokoni wakaja kuishangaa. Ilikuwa na injini moja, ya kuning'inia nyuma. Alitaka tuifungie kifaa cha kumvuta mtu anayeteleza juu ya maji, amesimama kwenye mbao mbili, kashika kamba. Angeiteremsha kwenye bwawa kubwa huko tambarare.

Baba mdogo hakuuliza swali hata moja. "Kazi ndogo hiyo, bosi. Ndoano moja hapo juu ya injini, tumemaliza."

"Haiwezekani," nikasema. "Injini ndiyo inayokata kona. Ukifunga kamba hapo, mtu wa nyuma ataivutia upande wake. Tufunge kwenye ukuta wa nyuma wa boti, kulia na kushoto, kamba zikutane nyuma ya injini kwenye pete inayotembea, na kamba ya mtu ifungwe kwenye pete hiyo."

"Umeyaona wapi hayo?"

"Kwa punda wa mama."

Karakana nzima ikacheka. Lakini ndivyo tulivyokokota magogo kutoka msituni. Punda akivuta kwa bega moja anaenda upande, na bega linaota kidonda. Kwa hiyo mama alifunga kamba mbili, moja kila bega, zikakutana nyuma kwenye pete. Punda akikata kona pete inahama, mabega yanagawana uzito. Jioni mama alipitisha kiganja mabegani mwao akitafuta kidonda. Akikikuta, kosa si la punda.

Baba mdogo akanivuta kando. "Mteja akilalamika, funguo za karakana unaziacha mezani, unarudi kwa mama yako ukachunge punda."

"Sawa, baba mdogo. Lakini ndoano hiyo siifungi."

Nilisema kwa hasira, na kwa woga pia, sitadanganya. Karakana ile ndiyo kitu pekee cha baba nilichobaki nacho.

Mteja alikuwa amesikia. "Mwacheni afunge anavyojua," akasema. "Atakayevutwa ni mimi."

Nilifanya kazi siku tatu. Nikatoboa ukuta wa nyuma pande zote mbili, nikapitisha bolti zenye pete, na kwa ndani nikaweka vipande vya chuma bapa ili bolti zisiing'oe faiba. Nikaziba matundu maji yasipenye. Kamba ikilegea ingezama na kunaswa na pangaboi la injini, kwa hiyo pale kamba zinapokutana nikafunga boya dogo la plastiki ziendelee kuelea. Mafundi wenzangu wakaniita Mama Punda. Nikaitika kila mara, tena kwa sauti.

Siku ya kujaribu tulikwenda bwawani sote, baba mdogo ndani ya koti lake la kanisani. Sijui kuogelea. Nilivaa jaketi la kuokolea nikaketi nyuma kabisa, macho kwenye bolti zangu, maana mama alinifundisha kuwa aliyefunga mzigo hutembea nyuma yake. Mke wa mteja ndiye aliyeendesha.

Kamba ikakaza. Boti ikatetemeka, mteja akaibuka majini, akayumba, akasimama wima akipiga kelele za furaha. Pete ikahama kushoto, ikarudi kulia. Mke wa mteja akakata kona kwa mkono mmoja. Nililia waziwazi, sikuusingizia upepo.

Tuliporudi ufukoni nikapiga magoti, nikapitisha kiganja kwenye ukuta wa boti, bega la kulia, bega la kushoto. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

Mteja alikuwa bado anajifuta maji wakati jamaa zake walipouliza nani kabuni kifaa kile. Baba mdogo akajikohoza. "Hizo kamba mbili ni utaalamu wangu wa siku nyingi. Binti alinishikia spana tu."

Mafundi wenzangu walikuwepo, karibu wote watoto wa kwetu. Nikasimama.

"Baba mdogo," nikamwuliza mbele yao, kwa adabu zote, "wewe ulimfunga punda lini?"

Akawatazama mafundi mmoja mmoja. Kusema aliwahi ni kukiri kazi ya wanawake. Kusema hajawahi ni kunirudishia yangu. Mafundi walikuwa wakimsubiri bila kucheka.

"Sijawahi," akasema. "Ni kazi yako."

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu, zimelowa. Mezani sijaziweka mpaka leo.