Sukari ya Nyapara

Mama yangu hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Nduruma, na bia ya nyumba ile aliitengeneza yeye. Ilipokwisha kuchacha, aliiacha pipani hadi machicha yatuame chini, kisha akaivuta kwa mpira mwembamba, taratibu, ikaingia kwenye chupa ikiwa safi kama chai ya rangi. Kila chupa alitia kijiko kimoja cha sukari, akakaza kizibo kwa waya.

Chupa zikaanza kupotea. Nyapara wa shamba akaapa mbele ya mzungu kwamba amemwona mama akinywa nyuma ya stoo. Mama akafukuzwa siku ile ile. Habari zikafika kanisani, wazee wakamtenga na Meza ya Bwana. Jumapili wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa. Nilikuwa kando yake. Nikaapa nitalipiza.

Niliomba kazi yake, nikapewa. Nyapara nikamwamkia shikamoo kila asubuhi, nikimchunguza. Haikuchukua muda nikamwona akitoka stoo na chupa mbili ndani ya koti. Sikumwambia mtu. Nani angeamini neno langu dhidi ya lake?

Pipa lililofuata sikulisubiri litulie. Chupa sita nilizijaza bia ingali inachacha, na machicha yake, nikatia vijiko vitatu vitatu vya sukari, nikakaza waya mpaka vidole vikauma. Nikazipanga karibu na mlango, pale alipozoea kuchukua. Kesho yake zilikuwa zimebaki nne; hizo nikazimwaga.

Siku ya tatu, jua kali, mzungu akiwa anakagua kahawa iliyoanikwa, nyumba ya nyapara ikalia kama bunduki. Mara ya pili. Tulipofika, povu lilikuwa linatiririka hadi kizingitini, na chini ya kitanda vimelala vizibo vya mzungu na waya wake. Nyapara akafukuzwa papo hapo. Jioni alikuwa barabarani na godoro kichwani.

Lakini chupa zilipopasuka, mkewe alikuwa ndani akifagia. Kigae kilimpasua mguu.

Mama ndiye aliyekwenda kumfunga kidonda. Aliporudi aliniuliza, “Ni wewe?”

“Ni sukari, mama.”

“Na yule mwanamke alikukosea nini?”

Mwizi alipojulikana, wazee walimrudisha mama kwenye Meza ya Bwana.

Miaka miwili baadaye nilikutana na nyapara sokoni Ngaramtoni, akibeba magunia ya watu. Alisimama mbele yangu.

“Wewe ndiye uliyezijaza zile chupa.”

“Na nani alikutuma uziweke uvunguni mwa kitanda chako?”

Aliangalia chini. Nilimkazia macho mpaka akaondoka na gunia lake. Mguu wa mkewe unanisumbua hadi leo. Nyapara mwenyewe, hapana.