Kaptula ya Nairobi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliwahi kwenda Nairobi kushiriki mbio kubwa, zile za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja. Kampuni kubwa ndiyo iliyozidhamini. Alirudi Garissa na fulana, kofia, kaptula na medali. Fulana aliivaa sokoni, kofia aliivaa ofisini, na medali, Mungu anisamehe kama natia chumvi, aliivaa harusini. Kila mgeni aliyefika nyumbani kwao, mtaa wa Waberi, alioneshwa medali kabla ya kuoneshwa mahali pa kukaa.

Mama yake peke yake ndiye ambaye hakubabaika. Mke wangu alinisimulia jinsi alivyomhoji mwanawe.

"Nani alishinda?"

Shemeji hakujua. Watu walikuwa wengi mno.

"Na ulipofika mwisho, nani alikupokea?"

"Hakuna mtu, mama. Nilipewa ndizi."

"Ndizi!" Mama alishika kichwa. "Mtoto anakimbia mpaka roho inataka kumtoka, hakuna hata wa kumuuliza ni wa nani, anapewa ndizi kama tumbili?"

Asiyekujua hakuthamini. Kwa maneno hayo nilimpenda mama mkwe, ingawa yeye bado hakuwa amenipenda mimi. Mimi ni mtu wa Lamu. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonipeleka Garissa miaka ya tisini ikianza, nikamwoa binti yake. Mahari ilipokelewa, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Lakini kwake mimi nilibaki "mwalimu" tu, kama kwamba nimekuja kukagua madaftari na nitaondoka kengele ikilia. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliingia mwaka wa pili sijaoneshwa hata mpini. Iliniuma, tena sana.

Sisi nasi Garissa tulikuwa na mbio zetu, kabla mvua za El Nino hazijaja kuubadilisha mto. Hazikuwa na mdhamini wala jina. Tuliziita mbio za mto, basi. Wakati wa kiangazi, Tana ikipungua, tulianzia ng'ambo asubuhi baada ya swala. Wakulima wa kando ya mto walipanga mitumbwi yao na kuyapiga maji kwa makasia ili mamba wakatafute kazi nyingine. Asiyejua kuogelea aliruhusiwa kuvuka amekumbatia mtungi mtupu wa plastiki, na wafugaji wengi walivuka hivyo, wakirusha mateke huku wakisoma aya zote walizozijua. Sijaona mahali pengine watu wakiogelea kwa kasi ile. Halafu baiskeli nyeusi za kuazima, zile nzito zenye kariya ya mizigo nyuma, na mwisho kukimbia mchangani mpaka uwanja wa Waberi.

Waamuzi walikuwa wazee watatu juu ya mkeka, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Sheria yao kubwa ilikuwa moja: ukimpita mtu mzima njiani bila salamu, unarudishwa ukamsalimie. Na salamu za kule si za kupunga mkono. Utaulizwa habari zako, za nyumbani, za mifugo, za mvua, na utajibu zote. Kisha ukifika mwisho, hata kama ni wa mwisho, wazee wanakuuliza, "Wewe wa nani?" Kijana anataja baba na babu na babu wa babu, wazee wanaitikia kwa kichwa, anapewa chai. Mwaka wangu wa kwanza nilijibu, "Wa Lamu." Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepotea njia, wakaniongezea sukari.

Mwaka wa pili niliapa kumshinda shemeji mbele ya watu wote. Niliamini mama mkwe akisikia nimeshinda, ataniona. Shemeji mwenyewe, kwa ukarimu wake, alinipa ushauri kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Kikoi ya nini, mwalimu? Nairobi hakuna mtu nakimbia na kikoi. Faa hii."

Akaniazima kaptula yake ya Nairobi. Ilikuwa na jina la kampuni kwenye paja moja, na ilikuwa fupi kiasi kwamba jina lenyewe halikupata nafasi ya kutosha. Nikaivaa. Mpumbavu mimi.

Kwenye maji nilikuwa wa kwanza. Ningekuwa vipi wa pili nami nimezaliwa kisiwani? Shemeji alikuwa nyuma, medali shingoni, amekumbatia mtungi, kwani alisema bwawa la Nairobi halina mamba. Kwenye baiskeli mnyororo ukanitoka, akanikaribia. Tulipoanza kukimbia nilikuwa bado mbele yake, na nilishaingia kijia cha Waberi, ua wa miiba huku na huku, nilipomwona mama mkwe akija na kibuyu cha maziwa.

Msomaji, kule mkwe wa kiume hujisitiri mbele ya mama mkwe. Hata kumtazama usoni ni kazi. Nami nilikuwa mapaja nje. Kumpita bila salamu siwezi, nitarudishwa. Kumsalimia nikiwa vile ni afadhali mamba. Nikaruka nyuma ya ua, nikachutama kwenye miiba, nikajitia kichaka.

Shemeji akafika anahema. Alitaka kusalimia kwa mkato, lakini mama yake alimsimamisha, akaanza na habari za nyumbani, ambako mwanawe alitoka asubuhi ileile. Akaingia kwa mbuzi, mmoja mmoja. Akamkabidhi kibuyu akishike. Yote hayo kwa Kisomali, nami nikiokota neno hapa na pale. Washindani wengine wakapita, wakitoa salamu zao. Nilisikia mbio zangu zikiondoka, na hamu yote ya kuonekana ikaniishia pale penye miiba.

Ndipo akabadili lugha. Mama na mwanawe hawakuwa na sababu yoyote duniani ya kuzungumza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe alikuwa nacho cha sokoni tu. Lakini alikisema kwa sauti, taratibu, uso ameuelekeza kwa mwanawe.

"Sasa mimi nageuka ubande ile. Jicho yangu mbaya, hakuna kitu naona. Kama iko mtoto yangu ingine hapo kwa miiba, abite. Njia iko wazi."

Akageuka, akajifunika shela mpaka usoni.

Nilitoka. Nilipita nyuma yake kimyakimya, miiba ikiwa bado imenishika mgongoni, na machozi yalinitoka, sisemi uongo. Shemeji alinitazama nikipita, kibuyu mikononi.

Aliyeshinda alikuwa muuza nyama mmoja aliyevuka mto na mitungi miwili. Mimi nilifika wakati chai inapoa. Mzee mmoja alinirushia shuka nijisitiri, mwingine akanimiminia kikombe, kisha wakaniuliza lile swali lao.

"Wewe wa nani?"

Nikageuka, nikawaonesha njiani, alikokuwa akija taratibu, mwanawe nyuma yake amebeba maziwa.

"Wa mama yule."