Kisu Chekundu cha Kibosho

Nilitoka Sumbawanga kungali giza, nikalala kituoni Mbeya, na nilipofika Moshi miguu ilikuwa imevimba hivi kwamba nilishuka kwenye basi viatu nimevibeba mkononi. Njia nzima nilikuwa nimepakata albamu iliyofungwa kwa nailoni. Abiria wa kiti cha pili aliuliza kama ni picha za harusi. Nikamwonyesha: alama za begani za makomandoo wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Pili, vitambaa vilivyokuwa vikishonwa kwenye magwanda yao. Alivitazama kwa heshima, kisha akauliza kama nina mke. Nikasema sina. Akasema ameelewa.

Kilichonileta ni habari ya dereva mmoja wa lori. Huko kwao Kibosho, alisema, yupo mama mwenye kitambaa cheusi cha pembetatu chenye kisu chekundu, alichoachiwa na baba yake. Baba huyo alipigana Burma pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki, na huko akakipata kwa komandoo mmoja kwa kubadilishana na sigara. Mimi kisu hicho nilikuwa nakitafuta tangu nianze kupekua mitumba. Watu wa rika langu walikuwa wakitafuta viwanja.

Nilipanga chumba mjini, nikapanda Kibosho, nikamkuta mama akipalilia kahawa. Alikuwa amepita miaka sabini. Nilipomwamkia na kuulizia habari za baba yake, aliweka jembe chini. Watoto wake wako Dar, alisema, na hakuna aliyewahi kuuliza. Koti la mzee, kitambaa kikiwa mfukoni mwake, lilikuwa darini, juu ya jiko. Nirudi Jumamosi atalishusha, na kitambaa atanipa bure.

Jumamosi nilikwenda na kurunzi yangu ya mwanga wa zambarau, mfano wa ile ya kukagulia noti bandia. Wakusanyaji wa Ulaya wameandika mtandaoni kwamba nyuzi za wakati wa vita hazing'ai chini ya mwanga huo. Ukiona zinang'aa, ujue zimetengenezwa juzi. Mama alinilisha mtori, kisha akaniletea kitambaa juu ya sahani, kimepigwa pasi. Tukafunga dirisha, nikawasha kurunzi. Kiling'aa kama shati la bwana harusi.

Nilimweleza polepole, kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya, kwamba kitambaa ni bandia.

"Lakini nimekifua jana," alisema, "kwa sababu yako."

Nikamjibu kwamba tatizo si uchafu, nikaendelea na somo langu. Akachukua sahani yake.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo."

Siku hiyo hakunisindikiza.

Wiki iliyofuata niliweka betri mpya kwenye kurunzi, nikaijaribu chumbani. Shati langu kuukuu, lililotoka kufuliwa kwa sabuni ya unga, likawaka. Soksi zikawaka. Taulo likawaka. Kumbe inayong'aa ni sabuni.

Jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Old Moshi, alinishauri nipeleke isale, lile jani refu linalopandwa mipakani. Kwa Wachagga, ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Nilifurahi kuliko inavyompasa mkosaji, maana nilidhani msamaha na kitambaa hutoka pamoja. Nilifunga mizigo kabisa kwenye begi la mgongoni ili nikishapewa niteremke moja kwa moja kituoni. Isale nililikata njiani, karibu na kwake.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza.

"Hili umelikata kwenye mpaka wangu."

Nikakiri. Alicheka mpaka akashika mlango. Nikamweleza habari ya sabuni, nikamhakikishia kwamba kitambaa ni cha kweli.

"Mimi nilikuwa najua, mwanangu. Nimekusamehe."

Nikasubiri. Nikakohoa. Nikatazama dari.

"Nimeshakishona kwenye koti," alisema. "Nilikuwa nampa yule aliyekuja kuuliza habari za baba. Huyu wa kurunzi simjui."

Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu ungali kwenye migomba. Akavaa koti la baba yake, akanibebesha mkungu wa ndizi, akanisindikiza hadi barabarani. Njia ni nyembamba, kwa hiyo alitangulia. Kisu chekundu kilikuwa begani pake, mbele kidogo ya pua yangu, nami sikuwa na mkono wa kukigusa: mmoja ulishika mkungu, mwingine albamu. Niliondoka Moshi siku hiyohiyo, na sijarudi tena.