Punje Nyeupe Kinywani mwa Egidi

Juzi kliniki, mtoto mchanga wa dada yangu alipiga mwayo, nikaona punje nyeupe kwenye ufizi wake. Nikamwita muuguzi haraka.

"Ni vivimbe tu vya watoto wachanga," muuguzi alisema. "Haviumi. Vitaisha vyenyewe."

Nilikuwa darasa la pili, kwetu Keza, nilipoziona punje kama hizo kinywani mwa mdogo wangu Egidi, aliyekuwa akiharisha. Nilimwita bibi.

"Haya ni meno ya plastiki! Ndiyo yanayomharisha, lazima yang'olewe," alisema. "Umemwokoa mdogo wako, mjukuu wangu."

Mchana uleule alikuja mzee mmoja na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Niliambiwa nimshike Egidi miguu. Nakumbuka harufu ya damu na ya majani aliyoyatafuna yule mzee, na kilio kilichogeuka mkoromo. Nilijivuna, maana wote walinisifu.

Siku ya nne tulimzika nyuma ya migomba. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningeziona mapema angepona. Sasa najua kwamba ningenyamaza, huenda angeishi.

Mama bado huwaambia majirani kwamba tulichelewa kuyang'oa yale meno. Kila niendapo nyumbani namwamkia, nakaa karibu naye, naanza kusema, kisha naomba maji.