Liwa Niliyojipaka Siku ya Wakubwa wa Nairobi

Sipendi kuikumbuka siku ile, na kama si nyinyi kunibana nisingeisimulia, maana hadi leo ikinijia moyoni masikio yananiwaka moto. Aibu yenyewe niliitafuta mimi, kwa mkono wangu, mbele ya watu wa serikali.

Ilikuwa miaka ile Mwingereza anafungafunga virago, mimi nakaa Likoni, nashona nguo za watoto, na naumwa. Asubuhi vidole vimevimba hata uzi siwezi kutunga, homa zinakuja na kuondoka, na usoni lilinitoka baka jekundu lililotanda shavu hadi shavu likavuka pua, mfano wa kipepeo aliyetua akagoma kuondoka. Nikitoka juani linazidi. Majirani walisema ni ukoma (hawakunambia mimi, waliambiana wao kwa wao, lakini kuta zetu zilikuwa nyembamba). Nikinywa chai kwa mtu, kikombe changu huoshwa mara mbili.

Aliyeniokoa, baada ya Mungu, ni Daktari Vasani, Muhindi mpole aliyekuwa na kliniki ya chumba kimoja huko Changamwe, upande wa Magongo. Yeye ndiye aliyenambia ugonjwa wangu si ukoma, unaitwa lupus, wala hauambukizi, ni mwili wenyewe unaojipiga vita. Alikuwa amesoma kwamba vidonge vya malaria huenda vikautuliza, akaiomba serikali fedha avijaribu kwa wagonjwa wachache. Serikali ikasita, ikiuliza vipi dawa ya homa ya mbu itibu uso, tena vidonge hivyo vikizidi huweza kudhuru macho. Mwisho wakampa ruzuku ya mwaka mmoja, wakimwambia wazi kwamba wanabahatisha tu, na mwaka ukiisha watakuja kujionea.

Tulikuwa makundi mawili. Sisi wa kwanza tulimeza vidonge tangu mwanzo. Wa pili walipewa dawa za maumivu tu, wakisubiri ruzuku iongezwe. Katika hao wa pili alikuwamo Kadzo, mama kijana wa Kigiriama kutoka Miritini, viungo vimemkaza hata mwanawe hawezi kumbeba, mtoto hubebwa na nyanya yake. Tulizoeana kwenye benchi la kliniki.

Mimi, alhamdulillahi, vidonge vilinikubali. Vidole vilirudi, baka likafifia, yakabaki madoa ya kahawia kama mtu kanimwagia chai. Ndipo daktari akatwambia wakubwa watatu wanakuja kutoka Nairobi, na akasisitiza, kwa kinywa cha dresa wake, msaidizi wa kliniki, Bwana Kitsao (Kiswahili cha daktari kilikuwa cha dukani), tuje na nyuso tupu, bila poda, bila wanja, bila chochote.

Nikaitika. Asubuhi ya siku yenyewe nikajitazama kwenye kioo, nikaona yale madoa, nikasema, wakubwa wakiyaona haya si watasema dawa haifanyi kazi, na daktari wa watu anyimwe fedha? (Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilitaka kupendeza.) Nikasaga liwa, ule mti wa msandali wenye harufu nzuri, kwenye jiwe, nikaichanganya na marashi, nikajipaka nyembamba, na poda juu yake. Nikajiona kama bibi harusi.

Kumbe njia sikuifikiria. Feri ilichelewa, nikavuka nimebanwa na magunia ya nazi, kisha basi hadi Changamwe, jua la saa nne, buibui, jasho. Hadi nafika, liwa imelowa, ikakauka, ikapasuka, sasa inabambuka vipande vipande kama chokaa ya ukuta mkongwe, na mimi sina habari, natembea kwa madaha.

Tukaitwa ndani. Mkubwa wao, mzee wa Kizungu mwenye mvi, daktari naye, akaniinamia na kioo cha kukuzia. Akawaita wenziwe, nao wakainama kutazama. Halafu kikaanza Kiingereza kikali, na Daktari Vasani akasawijika uso. Bwana Kitsao akanigeukia, akanambia wakubwa wanasema dawa imenichuna ngozi, na wanauliza kama nimejipaka kitu.

Hapo ningejibu ndiyo, mambo yangekwisha.

"Sikujipaka kitu," nikasema.

Kitsao akanitazama (mtu wa pwani, harufu ya liwa aijua) lakini akatafsiri kama nilivyosema. Mzee akaandika. Mwenziwe akafunga jalada. Kitsao akatwambia kwa sauti ya chini kwamba majaribio yanasimamishwa leo, hakuna atakayepewa vidonge tena. Nikamwangalia Kadzo. Alitazama mikono yake tu, imejikunja pale mapajani.

Mzee akataka ngozi yangu ikapimwe. Akakwangua shavu kwa kisu kidogo, kikatoka kibonge cheupe, akakisogeza karibu na jicho, kisha karibu na pua. Akanusa. Akanusa tena. Akampa mwenziwe anuse.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. "Bwana Kitsao," nikasema, "mwambie ni liwa. Mwambie nimesema uwongo. Daktari alitukataza, mimi ndiye niliyekaidi."

Akatafsiri, na nadhani hakupunguza kitu. Nikaamriwa ninawe palepale. Basi mimi, mwanamke wa kujisitiri, nikainamia beseni mbele ya wanaume watano, mkono mmoja unashika buibui, mmoja unanawa. Aliyeinuka kunisaidia ni Kadzo. Na viungo vyake vile, akalishika birika kwa mikono miwili, akanimiminia.

"Nawa vizuri, dada," akasema. "Mimi navitaka vile vidonge."

Uso ukatoka mtupu, na madoa yake yote. Daktari akaleta picha aliyonipiga mwaka uliopita, yenye lile baka, akaiweka karibu na shavu langu. Yule mzee akatazama picha, akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo Kitsao alinifikishia kwa upole nisioustahili, kwamba madoa hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta, maana mgonjwa angeletwa hana alama hata moja, asingeamini kwamba aliwahi kuumwa.

Ruzuku iliongezwa. Barua ilipokuja daktari alitusomea sote, na Kadzo akapewa chupa yake siku hiyohiyo. Mwaka tuliopata Uhuru nilimwona akishuka basi na mwanawe mgongoni, kambeba mwenyewe, na mtoto mzito kweli.

Daktari Vasani hakunigombeza hata mara moja. Siku ile, wageni walipoondoka, alinambia tu, "Bi Mwanasiti, wiki ijayo kuja, pima macho." Namuombea kila nikiinuka kwenye mswala, yeye na Kitsao na Kadzo, na hata yule mzee wa Kizungu na pua yake. Na tangu siku ile wallahi sijamficha daktari kitu. Akiniuliza nimekula nini namwambia mpaka chumvi ilizidi kiasi gani, na hawa madaktari vijana wa siku hizi huniomba nifupishe. Sifupishi.