Matawi ya Mti wa Kisiwani

Baba alikuwa mlinzi wa misitu wa serikali ya Waingereza. Likizo moja alinichukua kutoka Sumbawanga hadi kisiwa kimoja cha ziwani mkabala wa Kipili, kulikokuwa na miti kumi na mmoja ya aina ambayo, kwa kauli ya wakubwa wake, haijaonekana mahali pengine popote. Iliota ndani ya korongo lenye unyevu, mizizi imepenya nyufa za mawe. Mmoja tu ulikuwa umezaa, na matunda yalikuwa bado mabichi. Kukata hata tawi lake lilikuwa kosa la kufungwa.

Kazi yetu ilikuwa kuchoma nyasi kulizunguka korongo mapema, ili moto wa kiangazi usipate njia.

“Mchome asubuhi,” alisema mzee aliyetuvusha kwa mtumbwi wake.

“Kwetu Ufipa tunachoma alasiri, upepo ukilala,” baba alimjibu.

“Huko kwenu juu, mwanangu. Huku alasiri ndiyo unaamka.”

“Mzee wangu, samaki ni wako. Moto niachie mimi.”

Tuliwasha alasiri. Mwanzoni moto ulitambaa kwa utii. Kisha ziwa likakunjamana, upepo ukapanda mteremko, na ndimi za moto zikalalia upande wa korongo. Tuliupiga kwa matawi ya vichaka. Yalikuwa makavu, yakashika moto mikononi mwetu. Mzee, aliyekuwa amepanda kutusaidia, akaukimbilia mti wenye matunda, akavunja tawi bichi.

“Usiuguse huo,” baba alisema.

“Basi chagua. Tawi, au miti yote.”

Nilisubiri, joto likiniunguza miguu. Tangu tufike, baba hakuniruhusu kuchuma hata jani mahali pale. Akachomoa panga, akakata matawi mawili, moja akanipa mimi. Tulipiga mpaka moto ukazimika hatua chache kutoka shina la kwanza. Miti yote ilisimama. Matunda, yote yaliyokuwa kwenye matawi yale, yalikuwa yamepondeka majivuni, hakuna hata moja la kufaa kwa mbegu.

Baba aliketi juu ya jiwe, akanitaka nitoe daftari lake la ripoti kwa wakubwa.

“Andika kwamba nilichoma alasiri, na kwamba matawi niliyakata mimi.”

“Yote, baba?”

“Yote. Mzee alikuwa mtumbwini.”

Mzee alikuwa akipuliza viganja vyake vilivyoungua. “Nilikuwa mtumbwini tangu lini?”

“Tangu uliponiambia nichome asubuhi.”

Niliandika hivyo, kwa mwandiko wangu bora wa shuleni, nikijua ninamwandikia baba kosa lake.